Mafuta ya Cherehani

Vitabu vyangu vitatu vya upelelezi nilivitoa mdomoni mwa jirani yangu wa Kaloleni. Alikuwa polisi mstaafu, mwanamke wa miraba minne asiyeogopa mtu, mwenye visa vya kujaza madaftari. Kila Jumapili baada ya kanisa nilikuwa kwake, yeye anachambua ndengu, mimi naandika. Mpelelezi wangu, inspekta wa kike anayewatoa jasho wanaume, ni yeye mtupu; nilibadilisha jina tu. Nilimwita Mama, naye akaniita msichana wangu, hadi mama yangu mzazi akaanza kununa.

Kitabu cha tatu ndicho kilichonijulisha kwa watu. Vyerehani vitano viliibwa katika ukumbi wa mtaa, pale akina mama walipofundishwa ushonaji, na mlango haukuvunjwa. Jirani yangu alinisimulia jinsi alivyowapanga vibarua wote wa ukumbi mstari mmoja, akawaamuru wanyooshe mikono, akaona mafuta ya cherehani kwenye kucha za mmoja wao. Mmoja tu! Baadaye jamaa akakiri. Nilipiga makofi kama mtoto. Sura ile niliiandika bila kufuta neno, na wasomaji waliisifu kuliko zote.

Mwaka jana, Jumamosi mchana, kikundi cha wasomaji kilinialika ukumbini humo humo niwasomee. Nikachagua sura hiyo, bila shaka. Nilipomaliza, mama mmoja anayeuza mitumba katika soko la Muthurwa alisimama, kitabu changu mkononi.

"Huyo mwenye uliandika ni bwanangu," akasema. "Alikuwa fundi. Hizo mashini ni yeye alikuwa anatengeneza, kila wiki. Sasa mafuta ingekosa kwa mkono yake aje?"

Akaendelea, bila kupaza sauti, kwamba mumewe alikiri baada ya kupigwa siku mbili, akafungwa miaka minne, na vyerehani havikuwahi kupatikana.

Sikungoja chai. Nilitoka mbio hadi kwa jirani yangu, na njia nzima nilimwomba Mungu mama yule awe mwongo. Nilimuuliza mlangoni, kabla ya salamu: alijua kwamba yule mtu alikuwa fundi?

"Nilijua," akasema. "Mkubwa wetu alitaka mtu kabla ya Jumatatu. Na mimi nilikuwa mwanamke peke yangu kwa hiyo kituo, msichana wangu. Ningeenda kwake mikono mitupu?"

"Na kumpiga?"

"Sikumpiga. Nilikuwa nje ya mlango."

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Ungeandika?"

Laiti angekana, ningejua namna ya kumchukia. Lakini alinijibu kwa utulivu ule ule wa Jumapili zetu, nikaelewa kwamba Jumapili zote hizo alikuwa akinitazama nikimfanya shujaa, huku akijua ukweli. Nilimpenda mwanamke yule. Alinitumia kujiosha, nami nikashika maji. Kilichoniuma zaidi ni kwamba swali lilikuwa moja tu, yule mtu alikuwa akifanya kazi gani, na mimi ninayejiita mwandishi wa upelelezi sikuliuliza.

Sijarudi kwake tangu siku hiyo. Wiki iliyofuata nilimtafuta yule mama Muthurwa. Nilimwomba radhi, nikamwambia kitabu nitakiondoa madukani na nitaandika ukweli. Alinisikiliza huku akikunja suruali.

"Kitabu si mimi nilinunua," akasema. "Ni binti yetu. Ako nazo zote tatu. Hiyo ya mwisho alitusomea kwa nyumba, mimi na babake. Kufika hapo kwa mafuta, babake akatoka nje. Yeye akaendelea tu kusoma."

Nikamuuliza kama binti anajua.

"Hajui. Hiyo miaka tulimwambia baba alienda kutafuta kazi Mombasa." Akachukua suruali nyingine, akaikung'uta. "Sasa anasema akimaliza shule anataka kuwa polisi. Kama huyo wako."