Mtaro wa Wiki Sita

Kilima nilikoolewa, juu ya Othaya, kilikuwa na chai, kahawa, kanisa la mabati na maji mengi. Tatizo ni kwamba maji yalikuwa chini bondeni na sisi tulikuwa juu. Nilijifungua Novemba. Krismasi ilinikuta nimesharudi mtoni, mtoto kifuani, debe mgongoni, kamba ya debe ikinikata paji la uso. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne ndani ya sanduku na hasira nje ya sanduku. Mume wangu alikuwa Nairobi kazini, akija mwisho wa mwezi na kuuliza kwa nini chai inachelewa.

Basi Januari, Jumapili moja baada ya ibada, afisa wa maji kutoka Nyeri akasimama uwanjani pa kanisa. Uhuru bado ulikuwa mpya siku zile. Mtu wa serikali akisimama, watu walinyamaza. Akasema serikali ina mabomba. Kazi yetu ni kuchimba mtaro kutoka chemchemi ya msituni mpaka hapo kanisani, na kujenga tangi moja la saruji.

"Lori litakuja Jumatatu ya kwanza ya Machi," akasema. "Nikikuta mtaro uko tayari, tunashusha. Nikikuta bado, sizimi injini. Tunaenda Kerugoya. Wale wako tayari, wanangoja tu."

Akatuachia fito iliyokatwa, ndefu kutoka chini mpaka pajani mwangu. Ndiyo kipimo. Mtaro lazima uimeze fito yote.

Nilipiga kelele za furaha mpaka mtoto akaamka. Wiki sita! Wiki sita halafu bomba pale kanisani, hatua mia kutoka mlangoni kwangu!

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mzee wa koti jeusi, mwenyekiti wa kila kitu: wa shule, wa kahawa, wa mazishi. Akachukua kamba ya katani, akapima mtaro wote, akaugawa. Kila nyumba kamba moja. "Haki ni haki," akasema, na watu wakapiga makofi. Ndivyo tulivyozoea kwetu. Kazi ya wote hugawanywa sawasawa kwa kamba, kisha kila mtu na kipande chake, achimbe siku anayotaka. Hakuna anayeweza kusema ameonewa.

Alhamisi ya wiki ya kwanza nikafunga mtoto mgongoni nikatembea njia yote, chemchemi mpaka kanisani. Nilichoona kilifanana na kinywa cha mzee: jino hapa, pengo pale. Aliyechimba alichimba mpaka kwenye alama yake, akaacha ukuta wa udongo, akaenda nyumbani kujisifu. Tangi hakuna aliyeligusa, kwa sababu tangi halikuwa kwenye kamba ya mtu. Nilipofika kwenye kamba yetu sisi, jembe nililobeba liligonga likalia. Niliparua udongo. Mwamba mweusi, kutoka alama mpaka alama.

Mama mkwe alikuja akautazama. Yeye hakuwa mtu wa maneno mengi. "Huu ni wa moto," akasema. Maana yake: unawasha kuni juu yake mpaka uive, unaumwagia maji baridi, nao unapasuka, unaondoa vipande, unaanza tena. Tulijaribu kesho yake. Tangu asubuhi mpaka jioni, kuni za mizigo miwili, maji ya madebe manne kutoka bondeni, tukapata shimo la kuingia sufuria.

Nikakaa chini nikahesabu. Wawili sisi, tungemaliza mwamba huo Juni.

Usiku ule sikulala kwa kuudhika, na katika kuudhika nikaona kitu. Mwanamke akialika wageni, haanzi kupika chakula chote pamoja. Anauliza: watakula saa ngapi? Kisha anarudi nyuma. Mahindi na maharagwe yanataka saa nne, hayo yanatangulia. Viazi vinafuata. Mboga mwisho kabisa. Na mahindi yakichelewa, hata kama mboga ni tamu namna gani, wageni wanakaa njaa. Sasa hawa wanaume walikuwa wamegawana mboga na kusahau mahindi!

Asubuhi nikatoa ukutani kalenda ya mwaka uliopita, ya duka la Mhindi pale Othaya, nikageuza nyuma kulikokuwa safi. Mkono wa kulia nikaandika: lori. Nikarudi nyuma, wiki kwa wiki, nikichora mistari kwa makaa. Tangi: saruji ilitaka kulala wiki tatu ikinyweshwa maji, kwa hiyo lazima imwagwe wiki ijayo. Mstari mrefu. Udongo laini: siku mbili kila kamba, unaweza kuchimbwa wakati wowote. Mistari mifupi. Mwamba: mrefu kuliko yote, ulianzia leo na kufika ukingoni mwa karatasi.

Halafu nikafuta siku ambazo hakuna mtu angekuja hata ukimwita kwa tarumbeta. Siku mbili za soko. Siku mbili za kupeleka chai. Jumapili. Wiki ya siku saba ikabaki na siku mbili. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Hatukuwa na wiki tano zilizobaki. Tulikuwa na siku kumi!

Jumapili nikaibandika karatasi mlangoni pa kanisa kwa ugali. Wanaume wakaizunguka.

"Hii ni nini? Ni nyoka?" mmoja akauliza.

"Ni mwamba," nikasema. "Huu ndio utaamua kama lori litashusha. Nyinyi wengine mkimaliza kesho ama mkimaliza Februari, hakuna tofauti. Mwamba usipoisha, hakuna kitu imeisha."

Mwenyekiti akavaa miwani, akaniita kama binti yake. "Mwari, mwamba uko kwa kamba ya nani?"

"Ya kwetu."

"Basi ni wenu. Tulikubaliana mbele ya Mungu. Wewe unataka tukuchimbie, halafu unatuchorea ati nyoka."

Watu wakacheka. Mwingine nyuma akasema, "Kidato cha nne hiyo! Nunulieni yeye chaki." Masikio yakaniwaka moto.

"Mzee," nikasema, "maji yatasimama kwa mwamba kabla ya kufika kwa kamba yako. Utakunywa haki yako na kikombe gani?"

Hapo wanawake ndio waliocheka. Mama mkwe hakucheka. Aligeuka akawatazama wanawake wenzake na kusema neno moja tu: "Ngwatio." Ndiyo desturi yetu ya kulimiana: leo sote shambani kwako, kesho sote kwangu. Sote tumelima hivyo tangu tukiwa wasichana. Hakuna aliyewahi kufikiria kuipeleka kwenye mtaro wa kamati.

Tukajipanga pale pale, wanane wanane kwa zamu, hata siku za soko, kwa sababu wanane wakikosa soko, soko halifi. Zamu ya kuni ilitangulia siku moja ili moto usingoje. Zamu ya maji ilipita kwanza kwenye tangi, ambalo fundi tuliyemwita Othaya alikuwa amelimwagia saruji wiki ile niliyoandika, kisha ikaja mwambani. Kila jioni nilipaka makaa kwenye karatasi, na watu walianza kupita kanisani makusudi, waone mstari umefika wapi. Mwamba ulipopasuka, ulilia kama bunduki, na sisi tukajibu kwa vigelegele. Mtoto wangu alijifunza kucheka kwa sauti ile. Sijawahi kuchoka vile, wala kuwa na furaha vile.

Jumamosi kabla ya lori, kipande cha mwisho cha mwamba kikatoka. Nikajaza karatasi nyeusi tiii. Kamba zote zimekwisha, kila mwenye kamba amesema mwenyewe.

Jumatatu lori likaja, mabomba yakigongana. Afisa akashuka na fito, injini inanguruma. Akaanza chemchemini, tukimfuata kundi zima kama harusi. Fito ikamezwa. Ikamezwa. Mwambani ikamezwa, na mama mkwe akatema mate pembeni kwa maringo. Hatua arobaini kabla ya kanisa fito ikasimama. Nusu yake ilikuwa nje.

"Hii ni kamba ya nani?"

Mwenyekiti alikuwa akitazama viatu vyake. Kumbe alikuwa ameweka kibarua, kibarua akakwaruza, na yeye akasema imekwisha. Na mimi, mjanja wa mistari, nilipaka makaa kwa sababu mzee amesema. Sikushika fito kwenda kutazama. Nilitaka ardhi inimeze, lakini hata yenyewe haikuwa na kina cha kutosha.

Afisa akatazama saa. "Nilisema sizimi injini."

"Usizime," nikasema. "Dereva amekula?"

"Hajakula."

"Basi anakula. Akimaliza, upime tena."

Nikamfungua mtoto, nikamtupia jirani, nikaruka ndani. Wanawake wakanifuata, wengi hata nafasi ya kuinua jembe ikakosekana. Mama mkwe akasimama juu, mikono kiunoni.

"Wewe wa koti," akamwambia mwenyekiti, mbele ya kanisa zima. "Unangoja kuzikwa?"

Yule mzee akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya majani. Akaingia. Akachimba karibu nami, akihema, bila kunitazama. Baadaye kidogo akasema, "Mwari, hapa bado?"

"Bado, mzee. Kiganja kimoja."

Dereva alikuwa kwenye kikombe cha pili aliposhuka afisa mtaroni na fito. Akaisimamisha chini. Akaitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nafikiri. Kisha akageukia lori akapitisha mkono shingoni, ishara ya kukata, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile dereva akazima injini.