Picha ya Bonde Lisilo na Watu

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Pima, Mzungu mkuu wa ofisi, aliniuliza kama ninajua kutumia kamera. Nilikuwa nimehitimu masomo mwezi uliotangulia, nimeshuka kutoka kwetu Ngujini, milimani, na viatu vya kuazima, na badala ya kujibu nikaanza kupima maana ya kujua. Kujua kuibeba? Kujua kinachotokea ndani yake? Alipochoka kungoja alimgeukia Karani Mkuu, akamwambia anipe ufunguo wa chumba cha giza. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mpiga picha wa ofisi ndogo ya upimaji pale Same, enzi za Mwingereza.

Hatukuwa na filamu za kuzungusha. Tulitumia sahani, yaani vioo vilivyopakwa dawa inayobadilika ikipigwa na mwanga. Unaingiza sahani moja nyuma ya kamera, unafungua lenzi, unahesabu, unafunga. Kisha unaisafisha kwa dawa katika chumba chenye taa nyekundu, na kinachotokea kwanza ni negativu, ambamo cheupe ni cheusi na cheusi ni cheupe. Negativu ya kwanza niliyoisafisha ilikuwa ya Bwana Pima na askari wake. Bwana Pima alikuwa mweusi tii, askari mweupe kama unga. Nilikaa nayo mkononi hadi dawa ikanikaukia vidoleni. Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa, na bado kila kitu kilikuwa kinyume.

Bwana Pima alinipa sahani zilizopitwa na wakati nijifunzie. Nilimpiga picha Karani Mkuu mara mbili katika sahani moja, amekaa na amesimama, ikawa kama anabishana na nafsi yake. Alikuwa mtu wa mjini, mcheshi, na aliniita Profesa.

"Profesa," alisema alipoiona, "huyu aliyesimama mpeleke kazini kesho. Mimi nitabaki nyumbani na huyu aliyekaa."

Sikucheka. Nilikuwa nikijiuliza kama mtu anaweza kuwapo na kutokuwapo kwa wakati mmoja, na kama kamera inaweza kulionyesha hilo. Njia niliipata kwa zile sahani kuukuu, zilizokuwa nzito kupokea mwanga. Ukibana tundu la lenzi likawa dogo kabisa, na mbele yake ukaweka kioo cheusi, unaweza kuiacha kamera wazi robo saa nzima mchana kweupe. Kilichotulia kinaandikika. Kinachosogea kinapita bila kuacha alama. Nilijaribu siku ya gulio: vikatokea vibanda na mafungu ya ndizi, lakini mtu hakuna. Bwana Pima aliitazama picha ile kwa muda mrefu kuliko picha zangu nyingine zote. Nilifurahi sana.

Mwaka wangu wa pili nilitumwa katika bonde moja chini ya milima ya Gonja. Jina lake silitaji, kwa sababu wajukuu wa wenye mashamba wapo. Mlowezi mmoja alikuwa ameliomba apande mkonge, akidai halina matumizi. Wenyeji walisema wanalilima kila msimu kwa maji ya ndiva, bwawa la kuchimbwa linalotunzwa na ukoo mzima. Shauri lingeamuliwa barazani na Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, na mimi niliagizwa nilete picha.

Nilifika siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzoa tope bwawani. Walikuja wengi, na waliichagua siku hiyo ili waonekane. Msimamizi wa ndiva, Mzee Kajiru, alinishika mkono akasema nami kwa Kiswahili cha taratibu, maana Kigweno cha kwetu na Chasu, Kipare cha kwao, havikuelewana.

"Mwanangu, tupige tukiwa kazini. Mtu akisimama kuitazama kamera, watasema tulikuja kupigwa picha tu."

Nilipiga sahani mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kawaida, watu wote wanaonekana. Ya pili ilikuwa yangu mwenyewe, ya robo saa. Katika robo saa ile hakupumzika yeyote isipokuwa Bibi Nakijwa, aliyekuwa na nyonga mbovu. Aliketi ukingoni akanyoosha mguu. Nilipoisafisha nikakuta bonde, bwawa, na bibi mmoja. Nilifurahi kuliko siku ya gulio. Niliziweka zote mbili mezani kwa Bwana Pima, ile ya pili juu.

Barazani, jalada lilikuwa na picha moja tu, ile ya pili. Bwana Shauri aliniita mbele akanionyesha.

"Umefuta kitu chochote hapa, kwa brashi au kwa kisu?"

"Hapana, Bwana."

"Ilipigwa mchana, siku ya msaragambo wao?"

"Ndiyo, Bwana."

"Asante. Kaa."

Sikusema uongo. Nilibaki nimesimama nikitafuta namna ya kueleza habari ya lenzi, na ya ile sahani nyingine, bila kumfanya Bwana Pima aonekane mwongo na bila kupoteza kazi. Nilipopata sentensi, jalada lilikwisha fungwa. Bonde akapewa mlowezi. Kiliachwa kipande cha ardhi cha Bibi Nakijwa peke yake, kwa kuwa yeye alionekana.

Miezi michache baadaye alikuja ofisini kwa lori la ndizi. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Alisema jirani zake waliohamia mlimani wanadai alipatana nami, kwamba nilimwonyesha pa kukaa.

"Hata kaa la moto hawanipi," alisema. "Njoo uwaambie kwa nini nilikaa."

Nilifikiri majuma matatu, kisha nikaenda. Niliwaeleza yote: robo saa, tundu la lenzi, aliyetulia na anayesogea. Nilikuwa nimebeba nakala ya picha, nikawapa. Mzee Kajiru aliigeuza picha akatazama nyuma yake, kisha akanirudishia.

"Kwa hiyo tuliokuwa tukifanya kazi ndio tuliopotea."

"Ndiyo, mzee."

"Na siku ile barazani ulikuwa unajua."

"Nilijua."

Akamgeukia Bibi Nakijwa, akamwomba radhi mbele ya wote. Mwanamke mmoja akamletea uji. Mimi hakuna aliyenifukuza, wala aliyeniaga.

Niliendelea na kazi chini ya wakubwa watatu zaidi, hadi nikastaafu. Nilipiga mawe ya mipaka, madaraja, nyuso za makarani. Mtu akitikisika, nilirudia. Majaribio niliyaacha. Siku hizi vijana wa vyuo hunitembelea Ngujini, nami huwaonyesha nakala ya bonde lile kabla sijawaambia lolote. Wote husema ni nzuri, ina utulivu. Ni kweli. Ndiyo picha bora niliyowahi kupiga, na mpaka leo sijaweza kuichukia.