Baiskeli Yangu Imeniumbua

Karatu, Jumapili. Miezi saba tangu niondoke Singida.

Jamani, leo baiskeli yangu imeniumbua mbele ya kambi nzima ya wachuma kahawa!

Ilikuwa ikilia ti-ti-ti kila nikipita kwenye mawe. Nimekaza spoku, nimetia mnyororo oili, nimebadilisha gololi. Wapi!

Asubuhi Bura, ninayelala naye chumba kimoja, akachoshwa na kelele hizo. Na mwezi mzima hatusemezani, maana nilimwita mwizi wa ufunguo wa sanduku langu.

Akaipindua baiskeli, magurudumu juu, akang'oa tandiko.

Ti! Ufunguo ukaanguka miguuni pake.

Ndipo nikakumbuka. Siku ya pombe ya harusi ya mnyapara niliuficha humo mwenyewe, ili nikilewa nisiupoteze!

"Haya, bwana mwenye mali," akasema Bura, "mwizi wako nani?"

Kambi ikaangua kicheko. Nami nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikamwomba radhi. Akadai shati langu la sikukuu, lililokuwa limefungiwa sandukuni. Nimempa.

Chekeni tu. Kahawa ikiisha, mwezi wa kumi na mbili, nakuja nyumbani na shati la kazi.