Mpira wa Shingoni mwa Kaka

Baba yetu alikuwa mgema wa ulanzi, ile pombe ya mwanzi, huko nje ya Mafinga, kabla misonobari haijameza mashamba. Alikata ncha ya mwanzi mchanga, akatega chombo, na asubuhi na jioni akarudi kuunyoa kidogo ili uendelee kutoa utomvu. Kisu chake hakikukata nyama wala kitunguu. Tukisogeza vidole anatuchapa. "Mkono mchafu unaozesha mwanzi mpaka shinani!" Ulanzi wa siku ya kwanza mtamu, hata watoto tulipewa. Lakini siyo hayo niliyotaka kusema.

Ni habari ya kaka yangu. Figo zake zilikufa, akawa anasafishwa damu kwa mashine hospitalini Mbeya, nami nikapanga naye chumba Iyunga. Walimwekea mpira shingoni wa kupitishia damu kwenda kwenye mashine, unapita kwenye mshipa mkubwa mpaka karibu na moyo. Daktari alivaa gauni na glavu, akamfunika shuka kubwa, akautazama mshipa kwenye kioo cha ultrasound kabla ya kuchoma. Kisha picha ya kifua, kuona ncha imekaa sawa. Kazi safi kabisa. Nesi akamwambia kaka, "Baba, hapa asiguse mtu ila sisi."

Sasa kwetu, ukienda kumpa mgonjwa pole bila kuuona ugonjwa wenyewe, ni kama hukwenda. Ndugu walipanda basi kutoka Iringa, na kaka mtu wa utani. Akafunua bandeji.

"Njooni muone! Mwanzi ni mimi sasa, wananigema!"

Wakacheka. Shangazi akapapasa palepale huku analia, "Pole, baba."

Wiki haikuisha, baridi ikamshika akiwa kwenye mashine, meno yanagongana. Uchafu ulishaingia kwenye damu. Wakautoa mpira, wakamchoma dawa, homa ikashuka. Daktari akasema watamwekea mwingine upande wa pili. Bila mashine hatafika mbali.

Kaka akanigeukia. "Mdogo wangu, mwanzi ukioza, baba alifanyaje?"

"Aliuacha. Lakini wewe si mwanzi, kaka."

"Mbishi wewe, tangu utoto." Akavaa koti. Akasema anakwenda kunywa chai getini, wakimwita nimfuate.

Walipomwita nikaenda. Mama wa chai akanionyesha kikombe kimejaa, hakijaguswa. "Yule mzee? Amevuka barabara."

Hakurudi wodini, wala chumbani, wala Mafinga.