Mablanketi Chini ya Sukari

Waliokuwa kwenye lori lile nawakumbuka wote, na nitaanza nao ili usinipotee njiani, mwanangu Abdirahman. Dereva alikuwa Mutisya, Mkamba wa Kitui, mtu wa maneno mengi na mwanya mpana wa meno ya mbele. Kando yake aliketi Mwalimu Wambui, msichana wa Nyeri aliyehamishiwa shule ya Wajir, na katoni zake za madaftari zikajaza nafasi iliyobaki. Juu ya mizigo tulikaa mimi na mama mkwe wangu Habiba, mama yake babu yako, ambaye nilimwita eedo kama tunavyowaita mashangazi. Kifuani mwangu alikuwa Nuria, mtoto wangu wa kwanza, wa miezi miwili, huyo ambaye wewe unamwita mama. Mbele yetu lilikwenda lori la askari, na mkubwa wao alikuwa Koplo Kiprono, mrefu kama mlingoti, ambaye hakuwa ndugu wa yeyote kati yetu.

Juzi dada yako alinionyesha kwenye simu picha yako umesimama kando ya lori kubwa, theluji imekufika magotini. Akaniambia umepata kazi ya kupeleka mizigo kaskazini kabisa mwa Kanada, mahali ambapo mito inaganda na malori yanapita juu yake. Wallahi nilipiga vigelegele mpaka majirani hapa Galbet wakaja kuuliza ni harusi ya nani. Dereva kwenye ukoo wetu! Halafu nikauliza swali moja tu: koti lake zito analiweka wapi? Dada yako akacheka. "Ayeeyo, bibi yangu, si analivaa?" Nikamwambia alete kalamu, nitaandika mwenyewe, maana ngumbaru nilisoma miaka miwili na herufi bado ninazo.

Utajiuliza bibi wa Garissa anajua nini kuhusu baridi. Ngoja.

Ilikuwa miaka ya shifta, waasi wa kaskazini waliovamia magari njiani. Babu yako alikuwa Wajir na duka lake, mimi nilibaki Garissa kujifungua, na barabara siku hizo haikuwa ya kuamka tu ukasafiri. Gari halikutoka bila askari. Ulingoja kibali, ukangoja msindikizaji, ukangoja tena. Kwa hiyo siku niliyoambiwa, "Kesho asubuhi mnapanda," sikulala kwa furaha. Nilikuwa na miaka kumi na minane na sijawahi kupanda lori. Nilikuwa nimetembea nyuma ya ngamia maisha yangu yote, mwanangu, nikiangalia mikia yao. Sasa nilikuwa naenda kukaa juu!

Eedo aliniachia kazi ya kupakia. Yeye alikwenda kuaga watu, na kuaga kwake kulikuwa kwa nyumba hadi nyumba. Kabla ya kuondoka aliniambia neno moja: "Mablanketi, ngozi na mikeka, weka mwisho kabisa. Juu, karibu na mkono." Hivyo ndivyo wanawake wetu walivyopakia ngamia. Nyumba nzima inakunjwa na kufungwa mgongoni mwa mnyama, na kile utakachokihitaji kwanza mkifika ndicho kinachopanda mwisho. Nililijua hilo tangu utotoni. Nililijua vizuri.

Lakini nilikuwa na vikombe. Vikombe kumi na viwili vya kioo, vyenye ukingo wa dhahabu, zawadi ya harusi kutoka kwa mjomba wangu wa Bura. Usiku na mchana niliwaza jinsi lori litakavyoruka kwenye mashimo na vikombe vyangu kugongana. Basi nikafanya werevu. Nikalaza ngozi sakafuni mwa lori, juu yake mablanketi matatu ya sufu, juu yake mikeka, kisha sanduku la vikombe likakaa pale juu kama bibi harusi. Wapakiaji wakalizungushia magunia ya sukari ya babu yako, wakatupa mbao juu, wakaongeza magunia mengine, wakafunga turubai kwa kamba. Eedo aliporudi aliuliza, "Nyumba iko wabi?" Hivyo ndivyo alivyosema, Kiswahili chake kilikuwa na b nyingi. Nikamjibu, "Iko ndani, eedo. Usijali." Haukuwa uongo. Lakini nilitazama pembeni nikisema.

Na tulicheka siku ile! Mwalimu Wambui alikuja amevaa sweta nzito ya kijani, jua la Garissa linachoma mpaka mbuzi wamejibana ukutani.

Mutisya akamwambia, "Mwalimu, hiyo sweta unampelekea nani? Wajir hata kondoo havai sufu."

"Cheka tu, bwana dereva. Mama yangu alinikataza kutoka nyumbani bila sweta."

"Mama yako amewahi kufika Garissa?"

"Hajafika."

"Inaonekana!"

Mimi nilicheka kuliko wote, mpaka Nuria akaamka. Kumbuka kicheko hicho.

Tukalala Modogashe, na siku ya pili tukaondoka alfajiri. Mwanangu, ile raha! Upepo usoni, twiga wanatazama lori kama wageni wa heshima, na mimi juu ya sukari ya mume wangu naimba. Eedo aliniambia ninyamaze, kisha akaimba mwenyewe. Mchana mbele yetu anga likawa jeusi. Huko mvua haiji polepole. Ilitupiga kwa ubavu pamoja na upepo, na kabla sijavuta kona ya turubai tulikuwa tumelowa mimi, eedo, na shuka nililomfungia Nuria. Upepo ule ulipita kwenye nguo mbichi kama kisu. Mimi niliyezaliwa kwenye joto nilisikia meno yangu yakigongana, nikashangaa, nikadhani ni mtu mwingine.

Tukafika kwenye laga, mto ambao mwaka mzima ni mchanga mtupu, na siku hiyo ulikuwa maji. Lori la askari lilipita. Letu liliingia katikati, injini ikakohoa mara tatu, ikafa. Askari walitukokota kwa kamba mpaka ukingoni, tukazama kwenye matope hadi ekseli. Mutisya alifungua boneti, akaifunga. "Imekunywa maji," alisema, na kwa mara ya kwanza hakuongeza mzaha.

Nikamwambia Koplo Kiprono tuwashe moto. Akakataa. "Hapa hakuna moshi, mama. Moshi ukionekana, na sisi tunaonekana." Na kweli hata kuni zilikuwa zinachuruzika maji.

Nuria alikuwa akilia tangu mvua ianze. Sasa akanyamaza. Mimi, mama mjinga, nikashukuru, nikasema amelala. Eedo akageuka upesi, akagusa mguu wake, akafungua mdomo wake kwa kidole. Midomo ilikuwa imeingia weusi.

"Huyu halali," alisema. "Huyu anaboa, mwili baridi. Lete blanketi."

Nilitazama magunia ya sukari.

"Blanketi iko wabi, Amina?"

"Chini, eedo. Chini ya sukari. Chini ya vikombe."

Nilingoja anipige. Heri angenipiga. Alinitazama tu, muda mfupi sana, kisha akaniacha kama mtu asiye na nafasi ya kunishughulikia. Alishuka na mtoto, akafungua mlango wa mbele na kumkuta Mwalimu Wambui amekaa kwenye kiti, mkavu kabisa, na sweta yake ya kijani. Peke yake kati yetu sote alikuwa mkavu.

"Mwalimu," eedo alisema, "wewe una mtoto?"

"Bado, mama."

"Leo unaye. Fungua kifua."

Miaka ile, mwanangu, watu wa nyanda za juu kama yeye na watu wetu wa kaskazini walitazamana kwa shaka, na sisi tulikuwa hatujabadilishana maneno kumi na yule msichana ila ya kumcheka. Lakini alifungua kifua mara moja. Eedo alimvua Nuria nguo zote, akamfuta kwa kurasa za madaftari, akamweka ngozi kwa ngozi kwenye kifua cha Mwalimu, akashusha sweta juu yao wote wawili. Nywele za mtoto tu zilitokeza shingoni. Mwalimu alishtuka kwa baridi ya mwili ule. "Yesu wangu," alisema, "ni kama samaki." Akamkumbatia zaidi.

Lakini eedo alijua haitoshi. Jua lilikuwa linashuka, mvua haijakatika, na mlango wa mbele ulipitisha upepo. Akamwendea Koplo.

"Waryaa, Koplo! Shusha mzigo."

"Mama, hakuna kushusha mzigo hapa. Tukishambuliwa tutapakia saa ngapi?"

"Wewe una mama?"

"Ninaye."

"Ulipokuwa mdogo alikufunika?"

Koplo alimtazama yule mwanamke mfupi aliyelowa, anayetetemeka, asiyerudi nyuma hata hatua. Kisha akavua bunduki begani, akampa mwenzake, akapiga kelele, "Mstari! Wote mstari! Wawili walinde, wengine magunia!"

Loo! Ungeona. Askari sita, Mutisya, mimi na eedo, gunia linatoka mkono hadi mkono, matope mpaka magotini. Nilisimama nalia, eedo akanisukuma: "Utalia ukibeba. Ukisimama utaganda." Nikabeba, na kweli damu ilirudi vidoleni. Gunia moja lilipasuka, sukari ikatiririka kwenye maji, askari mmoja akalamba kiganja na kusema, "Jamani, mto huu umebaki majani tu uwe chai!" Tukacheka hali tunalia. Kutoka mbele Mwalimu alikuwa anaimba kwa Kikuyu, wimbo wa kubembeleza mtoto, na kila alipopumua sisi tulisita kusikiliza kama kuna sauti nyingine. Haikuwepo.

Mbao zikaondolewa. Sanduku langu la vikombe likaonekana. Nililitupa nje mwenyewe kwenye matope, wala sikulitazama limeanguka wapi. Chini yake mikeka, na chini ya mikeka, mablanketi matatu, makavu. Makavu, mwanangu! Ngozi ilizuia maji ya sakafuni. Tuliyakimbiza chini ya turubai kama tunaiba. Eedo alimfunga Mwalimu na mtoto pamoja, raundi mbili, na ngozi nje ya yote kuzuia upepo. Mimi akanivua nguo mbichi nyuma ya mkeka, akanivika blanketi la tatu, akanisukuma kwenye kiti niegemee pale pale. Tukakaa wote, watu wamebanana juu ya madaftari ya shule.

Kwanza ikaja chafya. Kisha Nuria akafungua mdomo na kulia, si kilio cha mgonjwa, kilio cha hasira, cha mtu aliyedhulumiwa na anayetaka kujua ni nani. Askari walishangilia nje kama wamefunga bao. Mutisya alipiga paa la lori kwa ngumi.

"Huyo ndiye dereva!" alisema. "Honi yake imesikika Wajir!"

Basi Mutisya alikosea kizazi kimoja tu.

Lori lilivutwa asubuhi na tukafika. Nilipofungua sanduku, ambalo askari waliliokota matopeni wakalipakia tena, vikombe vyote kumi na viwili vilikuwa vizima. Niliona aibu kuliko kama vingevunjika vyote. Kumi na kimoja nilimpelekea Mwalimu Wambui shuleni kwake, na kimoja nilibaki nacho, kiko kabatini hapa, ndicho ninachonywea chai nikiandika. Eedo hakuligusa jambo lile hata mara moja mbele ya babu yako. Ila kila tulipohama tena, mpaka alipokufa, alisimama kando yangu wakati wa kupakia na kuuliza kwa upole, "Mwisho umeweka nini?"

Ndilo swali ninalokupa wewe, Abdirahman. Koti zito, viatu vya akiba, soksi kavu, blanketi, kiberiti, chakula na chai ya moto visikae nyuma na mizigo ya watu. Vikae mbele, pale ulipo, mahali ambapo mkono wako utavifikia hata gizani, hata mlango umeganda. Ukilowa, badilisha kabla ya kufanya jambo lingine lolote, usiseme nitakauka njiani. Lori likizimika usiliache ukatembea, na umwambie mtu barabara unayopita na saa ya kufika kabla hujaondoka. Mwenzako akitetemeka mpe chai, lakini akiacha kutetemeka na kutaka kulala, huyo mkimbilie kama tulivyokimbilia Nuria. Na ukimwona mgeni amevaa nguo ambayo wewe unaiona kichekesho, msalimie vizuri. Yeye anajua kitu.

Mungu akulinde juu ya barafu hiyo, mwanangu, akupe injini isiyokohoa na msafiri mwenzako mwenye kifua chenye joto, na akurudishe hapa Galbet nikuone umekanyaga mchanga.

Sasa wewe, mama yako, na yeyote aliyekuwa Wajir miaka ile, nisahihisheni nilipokosea. Naweza kuwa nimechanganya kama askari walikuwa sita au saba. Lakini sweta ilikuwa ya kijani. Hilo msinibishie.