Siku Bi Salma Alipokataa Kumtaja Bintiye

Iko siku moja, mwanangu, kila nikiikumbuka namwombea dua Bi Salma. Nilikuwa muuguzi kijana, mgeni kazini, naye alikuwa mwenyekiti wa chama chetu cha wauguzi hapa kisiwani. Muda wake ulikuwa unamalizika, na waliokitaka kiti chake walikuwa wawili: Grace, mama wa bara aliyekuwa akikaa mtaa wa Tudor, na Mwanaidi. Huyu Mwanaidi alikuwa muuguzi hodari, msemaji mzuri, na ni binti wa Bi Salma wa kumzaa.

Kanuni ya chama ilikuwa wazi: kiongozi aliye madarakani hampigii debe mgombea yeyote. Lakini nani angemlaumu mama kwa kumsemea mwanawe?

Tulikutana Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa shule, wagombea wajieleze kisha tupige kura. Mwanaidi alisema, akashangiliwa. Grace hakuwa amefika. Alikuwa bado wodini, maana aliyepaswa kumpokea zamu alichelewa. Bwana mmoja wa upande wa Mwanaidi akasimama.

"Bi Salma, wewe ni mama yetu sote. Tupe neno lako moja tu, tujue pa kutia kura, twende zetu nyumbani."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nilimwona Mwanaidi akimtazama mamake, uso umemchangamka.

Bi Salma akalitengeza buibui lake, tena bila haraka, akainuka. "Mwanaidi nimemzaa mimi, hilo silifichi. Lakini kiti hiki mlinipa nyote. Nikikitumia kumsukuma mmoja, yule mwengine atakuwa anashindana na mimi, si na mwenziwe. Jina halitanitoka. Na Grace yuko na wagonjwa, hakwenda harusini. Tutamngoja."

Tukamngoja, wengine wakinung'unika. Grace aliingia akitweta, sare ya kazi mwilini, akapewa muda ule ule aliopewa Mwanaidi. Kura zilipohesabiwa, Grace alishinda, tena kwa kura chache mno.

Nilimkuta Mwanaidi barazani akilia, mamake kando yake. Nilikuwa nimewachukulia maji, nikasikia.

"Neno moja, mama. Moja tu."

"Ningelisema, ungelishinda," Bi Salma akamjibu. "Kisha ungelikikalia kiti hicho ukijiuliza kila siku, ni mimi waliyenitaka au ni mama?"

Mwanaidi alipanda tuktuk akaondoka, na Bi Salma akashika njia ya Mji wa Kale peke yake. Mwanangu, sijui wewe ungeliweza. Mimi nina watoto, na mpaka leo sina hakika na nafsi yangu.

Grace alituongoza vizuri. Muda wake ulipomalizika, Mwanaidi aligombea tena, safari hii akishindana na rafiki mkubwa wa Grace. Watu wakamwendea Grace watake neno lake. Akasema, "Mimi nilingojwa siku ile. Siwezi kuwafungia wengine mlango." Hakumtaja yeyote.

Mwanaidi akashinda. Jina lake lilipotajwa tu, kikatoka kigelegele nyuma ya ukumbi, kirefu, mpaka tukageuka sote. Alikuwa Bi Salma, mstaafu mwenye fimbo mkononi. "Leo sina kiti!" akasema huku machozi yanamtoka. "Niacheni nimshangilie mwanangu!" Na Mwanaidi akaja mbio kumkumbatia.

Nawe, mwanangu, nasikia unagombea katika chama cha kazi yenu, na kwamba mwenyekiti wenu ni rafiki wa babako. Usimwendee akusemee. Usiitie picha yake katika matangazo yako ya simu. Waeleze wenzako utakalowafanyia, na mshindani wako akikwama njiani, sema angojwe. Ukishindwa hivyo, utarudi kazini kichwa juu. Ukishinda, utajua waliokutaka wamekutaka wewe.

Mola akupe ushindi usiokufanya uinamishe macho, na akikunyima, akupe moyo wa kumpa mkono aliyekushinda. Amin.