Miguu ya Adongo

Harufu ya mkojo wa komba haitoki kwa sabuni ya mche. Ni harufu kali yenye utamu kidogo ndani yake, kama ndizi iliyosahaulika kwenye gunia lenye unyevu. Ukisugua mikono kwa majivu inapungua kwa muda, kisha inarudi. Komba ana tabia ya kukojolea viganja vyake na kujipaka nyayo kabla hajashika tawi, na mwaka ule tawi lake lilikuwa mimi. Aliponing'inia shingoni mwangu, aliacha harufu yake kwenye kola ya sare ya shule, kwenye nywele, hata kwenye madaftari. Nilikuwa darasa la sita, msichana ambaye mwalimu akimwuliza swali hujibu kwa kutazama vidole vya miguu. Auma, niliyekaa naye dawati moja, alinyoosha mkono mbele ya darasa zima akasema, "Mwalimu, Athieno ananuka choo." Darasa likacheka. Nilitoka nje kunawa bila kufungua mdomo. Ningefungua, ningelazimika kueleza kwamba ndani ya blauzi yangu, kwenye kimfuko kilichoshonwa kutokana na mkono wa sweta kuukuu, kulikuwa na wanyama wawili wamelala.

Niliishi Molo, upande wa Tororo, na bibi yangu mzaa mama, ambaye sote tulimwita Jaja. Mwanawe wa mwisho, mjomba Okoth, alichoma makaa ng'ambo ya bonde, na malori yalibeba magunia yake kuyapeleka mpakani. Kwa sababu ya watu wa malori, mjomba alipenda kuzungumza nami Kiswahili cha mpakani, hasa alipotaka kunichekesha. Jioni moja ya kiangazi alikuja na kofia yake mkononi badala ya kichwani. "Wewe, njoo. Naleta wageni," akasema. Ndani ya kofia kulikuwa na komba wawili, kila mmoja mdogo kuliko yai la bata, macho yao makubwa yamejaa hofu, masikio membamba yakikunjwa na kukunjuliwa. Alikuwa ameangusha mgunga bila kujua kwamba mna pango kwenye shina. "Mama yao nakufa. Mti naanguka juu yake," akasema, na safari hii hakucheka. Mmoja alimng'ata kidole alipomshika, mwingine akamfuata. Basi akawapa majina papo hapo: aliyetangulia kung'ata akawa Apio, aliyefuata akawa Adongo, majina ambayo kwetu hupewa pacha wa kike.

Mjomba alifanya mzaha, lakini Jaja hakuuchukulia hivyo. Mara tu majina yale yalipotamkwa chini ya paa lake, wanyama wale wakawa pacha, na pacha nyumbani kwake walikuwa na sheria zao. Alikuwa amezaa pacha mwenyewe, na hakuna aliyebaki kati yao. Sheria ya kwanza ilikuwa usawa. Ukimpa mmoja kitu, mpe na mwenzake, kwa kipimo kilekile na saa ileile, ili mmoja asihisi amechukiwa akaamua kuondoka. Kwa hiyo nilipowanywesha maziwa ya mbuzi kwa bomba la sindano lisilo na sindano, nilijaza hadi mstari uleule kwa wote wawili, Jaja akinisimamia kama mtu anayepima dawa. Apio alikuwa mdogo kuliko mwenzake. Alishiba upesi, akageuza uso, na maziwa yakamtoka puani. "Mmalizie," Jaja aliniambia. "Mwenzake amemaliza." Nami nilimmalizia. Nilifanya hivyo asubuhi, baada ya shule na jioni, siku tisa. Siku ya kumi nilipotia mkono kwenye kimfuko kabla ya kwenda kisimani, mwili mmoja ulikuwa wa moto na mwingine baridi.

Jaja alinishika bega kabla sauti haijanitoka. "Usilie," alisema. "Pacha haliliwi. Ukilia, huyu aliyebaki atasikia, naye atamfuata." Alimfunga Apio kwenye jani la mgomba, akamzika nyuma ya jiko, akasema ametangulia tu. Nilisimama pale nikiuma mkono wa sweta. Nilikwenda kisimani, nikarudi, nikavaa sare, nikaenda shule, na kimfuko kifuani kilikuwa chepesi kiasi kwamba kila mara nilikigusa kuhakikisha yumo mmoja. Saa nne, wenzangu walipotoka kwenda kunywa uji, niliingia chooni, nikafunga mlango, nikalia. Nililia kimyakimya, mdomo wazi, machozi yakishuka kwenye kola. Nilidhani hakuna aliyesikia. Kisha nikahisi Adongo anageuka ndani ya kimfuko.

Sikumwambia mtu. Lakini tangu siku ile nilimlinda Adongo kama mtu anayeficha kosa. Jaja aliagiza fungu la Apio liendelee kuwekwa mpaka mwezi uandame tena, kipande cha ndizi mbivu kwa kipande, kijiko cha uji wa mtama wenye sukari kwa kijiko. Hakuna aliyelila fungu lile ila Adongo. Niliona anakula, nikafurahi. Alinenepa, manyoya yakang'aa, tumbo likawa duara. Alilala mchana kutwa kifuani mwangu, na jua lilipozama alitoka kuruka kutoka gunia la mahindi hadi pazia, kutoka pazia hadi bega la Jaja, ambaye alijifanya kumkemea. Mwezi uliandama, nami sikuacha kumpa mafungu mawili. Niliogopa kupunguza.

Jioni moja aliruka kwenye gunia, akalikosa pazia, akaanguka sakafuni kama tambara lililolowa. Alijaribu tena. Miguu ya mbele ilivuta, miguu ya nyuma ikaburuzwa. Ile miguu ambayo siku chache nyuma ilimrusha mara nyingi urefu wake mwenyewe ilikuwa imelala nyuma yake kama kamba mbili. Jaja aliikanda kwa samli ya uvuguvugu, jioni na asubuhi, siku nne. Siku ya tano hakuweza hata kushika kidole changu kwa nyayo zake. Jaja alimlaza kwenye paja lake, akanitazama. "Anaitwa," alisema. "Athieno, ulilia?"

Nilitazama vidole vyangu vya miguu. Jaja hakuuliza mara ya pili, akachota samli nyingine akaikanda tena ile miguu. Niliamini, kama nilivyoamini kwamba moto huunguza, kwamba machozi yangu ya chooni yalikuwa yanaiua miguu ile kidogo kidogo, na kwamba baada ya miguu ungefuata mgongo, kisha kifua. Kesho yake, Jumamosi, nilivuka bonde peke yangu.

Mjomba alikuwa ameketi juu ya gogo mbele ya tanuri lake. Tanuri la makaa huwa ni rundo la magogo lililofunikwa nyasi na udongo, na likishawashwa mchomaji haondoki. Likipasuka mahali, hewa ikaingia, kazi ya wiki mbili inakuwa majivu. Kwa hiyo alizungumza nami huku macho yake yakifuata moshi, na mara mbili aliruka katikati ya sentensi kwenda kuziba ufa kwa koleo. Nilimtoa Adongo kwenye kimfuko nikamweka mkononi mwake. Sikujua nianzie wapi, basi nikaanzia kwenye kosa. "Nililia," nikasema.

"Wewe nalia, yeye navunjika mguu?" Alimgeuza Adongo kwa kidole gumba cheusi, akaibonyeza miguu taratibu. "Mimi nalia siku mama yako anakufa mpaka macho yangu navimba. Nani navunjika? Kilio haina meno. Sema, unampa chakula gani?"

Nikamweleza ndizi, uji na sukari. Nikamweleza mafungu mawili. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Aliniambia kwamba mti ule alioukata ulikuwa na makovu shina zima, alama za meno madogo, na kila kovu lilitoa utomvu uliokauka kama vipande vya chupa ya kahawia. Ulinata kwenye panga lake hata akaliosha kwa mafuta ya taa. Hakuwahi kuona ndizi mwituni, akasema, wala mtu wa kuwakorogea komba uji. Alinipeleka hatua thelathini hivi hadi kwenye mgunga mwingine uliobaki peke yake ukingoni mwa shamba, akabandua tone la utomvu kwa ukucha, akalilainisha kwa mate, akampa Adongo. Adongo alilinusa. Kisha akalamba, akakishika kidole cha mjomba kwa mikono yote miwili, akalamba kana kwamba miezi yote ile tulikuwa tumemnyima maji.

Hapo ndipo nilipoona alama ya panga kwenye shina, mkato mmoja mweupe, mpya. Wachoma makaa huweka alama hiyo kwenye mti ambao zamu yake imefika. "Huu wa Jumatatu," mjomba alisema alipoona ninatazama wapi. "Mwenye shamba nataka kulima mahindi."

Nilitazama bonde zima. Palikuwa na visiki, na miembe ya watu, na mikaratusi. Mgunga mwingine sikuuona. "Usiukate," nikasema.

"Nini?"

"Usiukate, mjomba."

"Kumbe hii mtoto iko na mdomo!" Akatazama tanuri, akarudi kunitazama. Alinieleza kwamba mti si wake, kwamba magunia yameshaahidiwa, kwamba mgunga ndio makaa mazuri kuliko yote. Nilibaki nimesimama kati yake na shina, Adongo akilamba kidole changu, na sikuondoka. Alikwenda kuziba ufa, akarudi, akanikuta palepale. Akaenda tena, akarudi. Mwishowe akatema mate. "Sawa. Nasema na mwenye shamba. Lakini siku hii nyama naruka, mimi nakata. Sikia? Akiruka tu."

Wiki zilizofuata nilivuka bonde kila alfajiri kabla ya shule, na kijiko, na kopo. Umande ulilowesha sketi hadi magotini, na mwamba wa Tororo ulikuwa bado mweusi upande wa kusini. Nilikwangua utomvu, nikakwaruza gome kwa msumari ili mti utoe mwingine, nikauroweka kwa maji ya uvuguvugu. Nilimkamatia panzi na nyenje. Ndizi niliacha kabisa, na Jaja aliponiona nimeweka fungu moja badala ya mawili, alichukua kijiko cha pili, akakirudisha jikoni. Wiki ya kwanza hakuna kilichobadilika. Wiki ya pili miguu ilikuwa baridi bado, nami nikaanza kuhesabu pumzi zake darasani. Katika wiki ya nne, mwalimu akiandika hesabu ubaoni, nilihisi kitu kinanibana kifuani. Ulikuwa unyayo mmoja, mdogo kama punje ya mahindi, umeshika nyuzi za sweta. Baada ya siku nyingi nyingine, jioni moja, aliruka kutoka gunia hadi boriti ya paa, akageuka akanitazama.

Nilipaswa kufurahi. Nilimshusha upesi, nikamrudisha kwenye kimfuko. Kesho yake ilikuwa Jumapili, siku ambayo mjomba huja kula baada ya kanisa.

Alikula kwanza. Alinawa, akajinyoosha, akasema, "Sasa. Mgonjwa naruka?" Adongo alikuwa kwenye kimfuko, nami nilikuwa nimekifunika kwa viganja vyote viwili, na ndani yake miguu ile ilikuwa inapiga teke, moja, mbili, kwa nguvu ambayo niliogopa ingeonekana juu ya nguo. "Bado," nikasema. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwa mtu mzima. Mjomba alimgeukia mama yake. Jaja hakuwa mtu wa uongo, aliongoza sala kwenye kanisa letu dogo, na jana yake alikuwa amemwona Adongo kwenye boriti kwa macho yake mawili. Aliokota punje ya wali kwenye mkeka, akaiweka kwenye sahani. "Anatambaa tu," alisema. "Mwache mtoto."

Tulisema bado Jumapili tano. Kisha mvua ikanyesha, udongo ukawa mzito, na matanuri yakazimwa mpaka kiangazi kingine. Ndipo nilipompeleka Adongo kwenye mgunga wakati jua linazama, nikafungua kimfuko. Alinusa shina, akajisugua nyayo, akaruka. Akaruka tena. Mara ya tatu sikumwona alipotua, nilisikia tu jani likitikisika.

Kiangazi kilichofuata mwenye shamba alileta watu wengine wenye msumeno wa mashine, nami nilikuwa mtihanini, mwaka wa mwisho wa masomo yangu. Niliporudi palikuwa pamelimwa. Adongo kama alikuwamo au alikwishahama, sijui, na sitajua. Leo nina miaka ishirini na mmoja, ninapika katika hoteli ndogo hapa Busia, hatua chache kutoka mpakani. Nimezoea watu. Madereva wananiita kwa jina, watani kutoka upande wa Kenya hawaniwezi kwa maneno, na mwenye hoteli akitaka mteja mkaidi atulizwe hunituma mimi. Auma angenisikia leo asingeamini. Lakini wakati mwingine, asubuhi nikiwasha jiko, natambua kwamba katika maneno yote ninayoyasema siku hizi, tangu siku ile pale bondeni, sijamwambia mtu yeyote asifanye jambo, kisha nikabaki nimesimama mbele yake mpaka akubali.